Damu ya Gari la Joash

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Helen, mke wa Nicanor, mwaka 1999, akichambua mboga jikoni kwa dada yake, mama yetu, mjini Homa Bay. Aliisimulia mara moja tu, bila kuinua macho.

Nicanor alikuwa fundi wa malori Migori. Mwaka 1996 Joash, mfanyabiashara wa mahindi, alimletea gari dogo la otomatiki, la kwanza kuingia gereji ile. Kasoro ilikuwa ndogo: ukiweka gia, gari lilisita kama mtu anayefikiri, injini ikavuma, ndipo likaondoka kwa kishindo. Nicanor hakuwahi kufungua giaboksi ya namna hiyo, lakini watu walikuwa wamesimama wakitazama, na mmoja alimtania kwamba leo fundi amekutana na mwalimu wake. Akaingia chini, akalegeza nati ya kumwagia oili. Kilichotoka kilikuwa chekundu, chepesi, kikatiririka mchangani.

Oili aliyoijua yeye ilikuwa nyeusi, au rangi ya asali.

"Hii ni damu," alisema, polepole ili wasikie. "Joash ndugu yangu, hii gari iko na jini."

Joash akauliza jini limetoka wapi. Nicanor angeweza kunyamaza. Alijibu kwamba hilo waulizwe wa nyumbani. Na nyumbani kwa Joash kulikuwa na mkewe Phelesia, mzaliwa wa Kendu Bay, ambako watu wetu walipenda kusema majini hufugwa kama kuku. Hakumtaja. Hakuhitaji.

Kisha akajaza oili nzito ya malori, gari likafa kabisa. Hilo nalo likahesabiwa kuwa kazi ya jini. Wakalisukuma hadi uani kwa Joash.

Siku Phelesia alipokuwa akifunga mizigo arudishwe kwao, dereva mmoja wa Kisii, Mosoti, alipita gereji, akasikia habari, akamvuta Nicanor kando.

"Fundi, oili ya otomatiki ni nyekundu tangu dukani," alinong'ona. "Ile nzito ndiyo imeua giaboksi. Mwambie mwenye gari mapema."

Nicanor alimshukuru. Ukinawa mikono gereji, unafika kwa Joash haijakauka. Hakwenda. Jioni Phelesia alipita barabarani na sanduku kichwani, akamsalimia, naye akaitikia.

Ndipo gari likaanza kusogea. Mama yake Joash alilikuta hatua moja karibu na mlango kuliko jana, injini baridi, gia imefungwa. Kesho yake karibu zaidi, na harufu ya oili iliyoungua ikaingia kwenye maziwa, kwenye nguo, kwenye nywele za watoto, na chini ya gari ikasikika pumzi ya kitu kinachovuta hewa kupitia majimaji, hata Nicanor alipoitwa, akalala chini yake mchana kweupe mbele ya watu walewale, akaweka sikio kwenye chuma, na kitu ndani kikamwambia kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayesali:

"Uliniita. Nimekuja."

Waliitwa waganga wawili wakashindwa. Wa tatu, bibi mmoja aitwaye Kemuma, hakuchoma chochote. Aliuliza nani alikuwa wa kwanza kulitaja jini. Macho yote yakamwendea Nicanor.

"Lililoitwa kwa uongo hutolewa kwa ukweli," alisema Kemuma. "Nenda kwa yule mama aliyerudishwa kwao, mwanangu. Sema mbele yake."

Nicanor aliahidi kwenda Jumapili. Alifika Homa Bay, njiani kwenda Kendu Bay, akanywa chai, akarudi.

Gari halikusogea tena. Lakini Jumatatu, wakila chakula cha mchana, Helen alisikia ile pumzi chini ya meza yao. Akamwona mumewe akiinua miguu kutoka sakafuni, taratibu, kama mtu aliyeketi juu ya maji yenye kitu kinachoogelea, kisha akaendelea kula.

Joash alifariki, na Kemuma kabla yake. Habari za Mosoti hatuna. Helen yuko hai, hakurudi Migori. Phelesia yuko hai, Kendu Bay, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kwenda kumwambia. Nicanor yuko hai, peke yake. Wapitao mlangoni humwona akiinama chini ya meza na kumsikia akimwahidi mtu, kwa upole, kwamba ataenda Jumapili.