Vitone vya Shangazi

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa televisheni, akafagia vipande vya waya na kupangusa vumbi. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mikono yake ilikuwa na haraka kuliko kichwa chake.

Siku hiyo shangazi alikuwa ametoka kwa mteja. Kompyuta yake mpya ilikuwa imewashwa, na programu inayoiga kompyuta za zamani ilionyesha picha aliyoichora shangazi ujanani kwa ajili ya mchezo mmoja wa kompyuta: mlima, maporomoko ya maji na jua likizama. Kesho yake ingeonyeshwa shuleni.

Chapuchapu alikodoa macho. Anga lote lilijaa vitone vya rangi ya chungwa na zambarau, kama ubao wa drafti.

"Maskini shangazi, picha yake imeharibika!" alijisemea. Akafungua programu ya kuchorea, akajaza anga rangi moja safi, akahifadhi juu ya picha ileile. Alijiona amefanya la maana.

Shangazi aliporudi, aliunganisha kompyuta na televisheni yake kuukuu ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa. Anga likatokea limekufa kama ukuta uliopakwa rangi. Uso ukamshuka.

"Machweo yangu yako wapi? Na nakala nyingine sina! Au kompyuta hii ni mbovu?"

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Kompyuta ingebeba lawama, nayo haina mdomo. Chapuchapu aliona aibu, lakini akajikaza.

"Shangazi, si kompyuta. Ni mimi. Nilidhani vitone ni uchafu."

"Umenikata maini, mwanangu," shangazi alisema, na hasira hakuificha. Kisha akavuta kiti. "Kompyuta zetu za zamani zilikuwa na rangi chache. Rangi niliyoitaka haikuwepo, nikapanga vitone vya rangi mbili, kimoja baada ya kingine. Televisheni hii huvichanganya, jicho likaona rangi ya tatu. Skrini za siku hizi ni kali, zinakionyesha kila kitone peke yake."

"Nifundishe nivirudishe."

Wakaketi pamoja. Mwanzoni Chapuchapu aliiparamia kazi, mistari ikatokea angani, akaifuta na kuanza upya polepole. Kabla karakana haijafungwa, jua lilikuwa linazama tena kwenye televisheni.

Kesho yake, shuleni, waliweka skrini mpya na televisheni ya chogo bega kwa bega.

"Picha ina surua!" wenzake walicheka mbele ya skrini mpya.

"Njooni huku kwanza," alisema Chapuchapu, akawapeleka kwenye televisheni. Kicheko kikakatika.

Shangazi akamshika bega. "Ungenyamaza jana, leo ningekuwa naifungua kompyuta, natafuta ugonjwa usiokuwepo. Ukiharibu, sema mapema, tutengeneze. Na ukiona kasoro kwenye kazi ya mtu, muulize kwanza kwa nini aliifanya hivyo."

"Nimeelewa, shangazi," alisema Chapuchapu. Kisha akaona waya umening'inia nyuma ya televisheni. Mkono ukanyanyuka, ukasimama njiani.

"Shangazi, huu waya umeuacha hivi makusudi?"