Mzee Opiyo Aionea Wivu Simu

Jua likichomoza juu ya mashamba ya chai, Jerusa huwa amekwisha kuwasha jiko. Ana hoteli ndogo pale Kapsoit, Kericho, na wengi humwita Mama Gordon, kwa jina la mwanawe. Wachumaji wa majani chai, madereva na walimu hupenda chapati zake.

Mumewe, Opiyo, alistaafu kutoka kiwanda cha majani chai. Baada ya hapo alijipa kazi moja, nayo aliipenda sana: kuwatafutia watu wafanyakazi.

"Mzee Opiyo, nitafutie mtu wa kukamua ng'ombe," jirani husema.

"Umeshapata," Opiyo hujibu, kifua mbele. Kisha humwita mpwa wake, au rafiki ya mpwa wake.

Siku moja mpishi wa Jerusa alijifungua, akaenda kupumzika. Wiki hiyohiyo, Jerusa akapewa kazi ya kupika chakula cha harusi kanisani. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

"Nikiaibika hapa, hakuna atakayeniita tena," alisema.

Opiyo akamleta mpwa wake Omollo. Omollo alikuwa na bidii, lakini chapati zake zilikuwa ngumu.

"Mama, hizi ni za kula au za kuezeka nyumba?" mteja mmoja aliuliza. Hoteli nzima ikacheka.

Tecla, jirani anayewaletea maziwa, akamwonyesha Jerusa simu yake.

"Mama Gordon, kwenye mtandao kuna ukurasa wa matangazo ya kazi. Mkamuaji wangu nilimpata hapa."

Opiyo alisikia. Kumbe mkamuaji yule mzuri wa Tecla hakupitia kwake! Wivu ukamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Siku hizi simu ndiyo inajua watu?" aliuliza.

"Baba Gordon, unaionea wivu simu?"

"Mimi? Wivu? Simu haijui hata nyumbani kwa mtu!"

Asubuhi iliyofuata, Jerusa akaandika haraka kwenye ukurasa ule: *Kazi ipo Kericho. Malipo mazuri. Piga simu.*

Simu ikalia mpaka ikapata moto. Fundi wa umeme akapiga. Dereva wa trekta akapiga. Mwingine aliuliza ofisi iko ghorofa ya ngapi. Mwanaume mmoja akaanza kwa sauti laini: "Habari yako, mrembo?"

Opiyo akaweka kikombe chini. "Nani huyo?"

"Anatafuta kazi."

"Kazi gani inaanza na mrembo?"

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Mama, nitumie nauli, nakuja sasa hivi." Jerusa alikuwa tayari kutuma. Opiyo akainyakua simu, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda moja kwa moja kwa Tecla. Jerusa akamfuata mbio.

"Hii simu yenu inanivunjia nyumba!" Opiyo alifoka.

Tecla alisoma tangazo, akacheka. "Mzee, kosa si la simu. Tangazo ni kama geti. Ukiliacha wazi, hata punda wa jirani ataingia."

"Sasa nifanye nini?" Jerusa aliuliza.

"Sema ni kazi gani, wapi, saa ngapi, na malipo ni kiasi gani. Waambie watume ujumbe, wasipige. Kila mtu aseme alifanya kazi wapi. Kutana nao mchana, mahali penye watu. Usitume nauli kwa mtu usiyemjua. Na wewe pia, usimwombe anayetafuta kazi hata shilingi."

Jerusa akaandika upya: *Natafuta mpishi wa chapati na pilau, hoteli, Kapsoit. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Jumapili ni mapumziko. Shilingi mia saba kwa siku, hulipwa kila Jumamosi. Siku ya majaribio italipwa. Tuma ujumbe useme ulipofanya kazi. Hakuna ada.*

Safari hii waliojibu walikuwa wapishi. Wa kwanza alituma picha ya pilau nzuri ajabu. Alisema alipika katika hoteli moja Mogogosiek, akatoa namba ya bosi wake. Jerusa akapiga. Bosi akamsifu kama malaika.

"Nimempata!" Jerusa alisema.

"Ngoja," Opiyo akasema. "Namba hiyo amekupa yeye mwenyewe. Utajuaje ni ya bosi?"

Akampigia Kiptum, mwenzake wa zamani kiwandani, ambaye anakaa Mogogosiek. Kiptum akaenda hotelini kuuliza. Jibu lilirudi kabla ya chakula cha mchana: hakuna aliyemjua mpishi huyo. "Bosi" huenda alikuwa rafiki yake tu.

Jerusa akamtazama mumewe. "Ungeniacha, ningeingia shimoni."

Opiyo akasafisha koo. Ule mwiba wa wivu ulianza kulegea.

Wa pili aliitwa Mellen Bosibori. Hakuwa na picha. Alisema alipika katika shule moja Siongiroi.

"Si mtu wa kwetu," Opiyo alinung'unika.

"Omollo alikuwa wa kwetu."

Opiyo akatafuta mwenyewe namba ya ofisi ya shule, akapiga.

"Mellen?" sauti ikasema. "Kandarasi yake iliisha, na watoto bado wanamlilia. Mwambieni arudi!"

"Harudi!" Opiyo alisema kwa wivu mpya. "Huyu sasa ni wetu!"

Mellen alikuja mchana, akapika mbele ya wateja. Chapati zilikuwa laini. Jerusa akamlipa siku hiyo, kisha akamwajiri. Kwenye harusi, wageni walirudi na sahani mara ya pili, na kabla ya jioni akina mama wawili walikuwa wameuliza Jerusa yuko huru lini.

Jumatatu, mkulima mmoja wa chai aliingia hotelini. Akampita Opiyo mlangoni.

"Mama Gordon, nasikia simu yako ina baraka. Nitafutie mchumaji."

Opiyo akageuza uso, akatazama barabara.

"Tangazo nitakuandikia," Jerusa alisema. "Lakini simu haiwezi kukuambia mtu ni wa kweli. Hilo ongea na mzee."

Opiyo akavuta kiti pole pole, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa," alimwambia mkulima. "Shamba liko wapi, na utamlipa mtu wako lini?"