Lori Linalopanda Mtae

Siku ya gulio, mwaka wa sabini na tano, Timotheo alisimama katikati ya soko la Lushoto akihesabu matenga ya pea yaliyokuwa yakishushwa kutoka kwenye lori la Mtae, kijiji cha juu milimani. Alivaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, na matope yalikuwa yameshapanda hadi pindoni.

"Kaka, hesabu ukiwa pembeni. Watu wana mizigo."

Aligeuka. Dorkasi, karani wa mizani wa chama cha ushirika, alikuwa amefunga kitenge cha kijani juu ya sweta, akiitazama raizoni bila kuficha kicheko.

Timotheo alikuwa mhadhiri msaidizi wa uhandisi Dar es Salaam, akichunguza usafirishaji wa mizigo milimani. Ripoti yake ikipokelewa, angekwenda ng'ambo kusomea shahada ya udaktari. Alirudi Lushoto mara mbili kwa sababu za kazi, mara ya tatu bila sababu yoyote. Baada ya hapo Dorkasi akawa anampigia simu kutoka posta, akimwita Profesa kwa dhihaka, naye akimjibu "mpenzi" kwa sauti ya chini, maana mwandishi mhutasi wa idara alikuwa na masikio.

Ripoti ilipotangulizwa wilayani, ilisomwa mbele ya wanachama wa ushirika. Ilishauri lori la Mtae liondolewe: linashuka na nusu ya mzigo, linapanda tupu. Dorkasi alizaliwa Mtae. Alikwenda posta.

"Ni wewe uliyeandika hivyo?"

"Ni takwimu, Dorkasi."

"Mama yangu yuko kule."

"Najua. Siwezi kubadili namba kwa sababu ya mama."

Simu ikakatwa.

Timotheo alipofika Lushoto aliambiwa Dorkasi amekwenda kwao Mtae. Akapanda lori lile. Siku zote alikuwa amelipima likishuka, kwa kuwa kilichomhusu ni mazao, na mazao hayapandi mlima. Safari ya kupanda aliijaza sifuri akiwa mezani kwake.

Sasa alikaa juu ya magunia ya chumvi. Palikuwa na madebe ya mafuta ya taa, madawati ya shule, mama aliyetoka hospitali na kichanga, na nyuma kabisa jeneza, ndugu wa marehemu wakilishikilia kila kona. Kila kijiji kilishusha kitu chake. Timotheo hakutoa kalamu.

Huko Mtae alimwamkia mama yake Dorkasi, akakaribishwa chai. Kisha yeye na Dorkasi walisimama ukingoni mwa genge, nyika ya Mkomazi ikiwa chini yao. Akamwambia ataiondoa ripoti na kuanza upya. Nafasi ya ng'ambo haitamngoja.

"Unafanya hivyo kwa ajili yangu?"

Alilijua jibu lililotakiwa.

"Hapana. Nilikosea. Ningeiondoa hata kama kwenu kungekuwa Mgwashi, si hapa."

Dorkasi alitazama ukungu ukiifunika nyika.

"Ungesema ndiyo, ningefurahi leo," alisema. "Lakini anayebadili namba kwa ajili yangu, kesho atazibadili kwa ajili ya mwingine."

Alijifunga kitenge vizuri, akageuka kuelekea nyumbani.

"Tafuta mshenga. Baba hazungumzi posa na mwoaji mwenyewe. Na umwambie mapema kwamba ng'ambo haipo tena, asije akaiahidi kwa baba."