Taa za Mama Mikate Zinatazama Juu

Kila alfajiri, Mama Mikate hupakia kreti za mikate kwenye pikapu na kwenda kuzigawa madukani. Mumewe hukanda na kuoka. Yeye huendesha.

Kwa wiki mbili, madereva waliokutana naye walikuwa wakimwashia taa. Alidhani wanamsalimia, naye aliwajibu kwa honi.

Alfajiri moja, muuza maziwa alikuwa akija kwa baiskeli. Ghafla aliinua mkono kuziba macho. Baiskeli ikayumba, akatumbukia mtaroni. Mama Mikate alifunga breki, akakimbia kumtoa. Goti lilikuwa limechubuka, na maziwa yote yamemwagika.

"Dada, taa zako zimenipofusha," alisema yule mtu kwa upole. "Sikuona barabara."

Upole ule ulimuuma Mama Mikate kuliko matusi. Alirudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba hashiki tena usukani. Mume alishauri wabandike karatasi kwenye taa. Mke akasema hilo ni wazo la mtu wa kukanda unga.

Jirani yao alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita Shangazi King'ora. Walipomwendea, aliwasikiliza, kisha akauliza kama pikapu iligonga kitu. Mama Mikate akakiri: wiki mbili nyuma aligonga nguzo ya geti, na fundi akabadilisha taa ya kulia.

"Aliibadilisha, lakini hakuipima," alisema Shangazi King'ora. "Taa yako si mbovu. Inatazama juu tu. Jioni tutaishusha hapa hapa nyumbani, na wewe ndiye utakayeishusha."

Jioni walitafuta mahali tambarare mbele ya ukuta wa chumba cha kuokea. Shangazi King'ora aliwaambia wahakikishe kwanza upepo wa matairi uko sawa, kisha wapakie kreti kama za alfajiri. Alieleza kuwa mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, na taa hupanda nayo. Dereva naye ni mzigo. Kwa hiyo mume aliketi kwenye usukani badala ya mkewe. Uzito wao ulikaribiana, ingawa hakuna aliyelisema.

Waliisogeza pikapu hadi karibu kabisa na ukuta. Kwa chaki, Mama Mikate aliweka alama ukutani mbele ya katikati ya kila taa, akaziunganisha kwa mstari. Mume akairudisha pikapu nyuma moja kwa moja, mita kumi. Mama Mikate akachora mstari wa pili, sentimita kumi chini ya ule wa kwanza.

"Mwanga mdogo, ule wa kupishana na magari, uishie kwenye mstari huu wa chini," alisema Shangazi King'ora. "Ukipita juu, unaingia machoni mwa watu. Ukishuka mno, wewe mwenyewe huoni mbali."

Giza lilipoingia, wakawasha. Taa ya kushoto ilizidi mstari kidogo. Ya kulia ilipanda ukuta wote hadi kwenye paa.

Mama Mikate alifungua boneti. Kitabu cha gari kilimwonyesha skrubu ya kupandisha na kushusha mwanga, nyuma ya taa. Aliziba taa ya kushoto kwa kadibodi, akazungusha bisibisi. Mwanga ukazidi kupanda. Wote wakacheka. Akageuza upande wa pili, taratibu, robo kwa robo. Mwanga ukashuka paani, ukateremka ukutani, ukatulia juu ya chaki. Kisha akaiziba ya kulia, akashusha ya kushoto.

"Umemaliza," alisema Shangazi King'ora. "Mimi sijagusa kitu."

Kesho yake Mama Mikate alishika usukani. Barabara ilionekana vizuri hadi mbali. Alipishana na magari kumi na moja. Hakuna hata moja lililomwashia taa. Alirudi nyumbani akiimba.

Habari zikaenea. Jumamosi jioni, magari matatu yalipanga foleni mbele ya ule ukuta. La mwisho lilikuwa kigari cha Shangazi King'ora mwenyewe. Alisema taa za watu amezipima miaka yote, lakini zake hajazigusa. Akavuta kigoda, akaketi na kikombe cha chai.

Mama Mikate alichukua chaki.

"Shangazi, tuanze na matairi," alisema. "Upepo uko sawa?"