Mulinge Aliita Mara Moja

Jioni, kabla maduka hayajafungwa, Kathini wa Voi alikuwa bado anapanda ngazi za Montmartre, ule mtaa wa kale wa wachoraji kule Paris, picha ya mwanawe mkononi. Ngazi zenyewe, jamani! Watu wana akili ya kujenga mji juu ya kilima, hawana akili ya kuweka hata kigoda.

Mulinge, mchongaji, alikuja huku kuuza vinyago vyake. Simu yake ikanyamaza. Mama mtu akamfuata. Binti yake Ndanu, mfanyakazi wa huko huko, alibaki nyuma akimuuliza mchoraji mmoja kama amemwona kaka yake. Mchoraji, badala ya kujibu, akataka kumchora bibi.

"Mwambie nimepoteza mtoto, sijapoteza sura!" Kathini akafoka, akatangulia.

Kichochoro kikanukia muhugu.

Muhugu mbichi, uliochongwa sasa hivi. Mti wa kwao, huku kwenye baridi?

Halafu tezo, chombo cha kuchongea. Ngo... ngo... ngo...

Akaifuata sauti mpaka kwenye mlango mmoja wa chini. Giza lilikuwa limeingia. Tezo ikanyamaza.

"Mwaitu..."

Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Na sauti ni ya Mulinge, nyembamba kama uzi.

Kathini alifungua mdomo. Akaufunga.

Kwao, gizani, mtu haitikii wito wa kwanza. Asiye na mwili huita mara moja tu. Mtu hai hurudia. Wanawe aliwafunza hivyo kwa makofi. Akauma leso, akangoja wa pili.

Akangoja...

Haukuja.

Ndanu akamfikia, anahema. "Mama, mbona humjibu?" alinong'ona. "Hata mimi nimemsikia."

"Nyamaza. Ataita tena."

"Na kama hawezi?"

Wakasukuma mlango. Mulinge alikuwa juu ya godoro, katikati ya vinyago vyake, uso umeelekea mlangoni, mdomo wazi.

Daktari aliyeitwa alisema ni moyo, na kwamba amekufa tangu asubuhi. Sawa, yeye ndiye msomi. Lakini kabla hajafika, Kathini alikuwa ameshatia mkono kwapani mwa mwanawe.

Kulikuwa na joto.

Hilo hajamwambia Ndanu mpaka leo.

Walimzika Voi, nyuma ya nyumba, kwenye ule udongo mwekundu unaovunja majembe. Tangu hapo Kathini huitikia kila wito wa gizani. Wa kwanza. Hata upepo ukipiga bati, anaitika.

"Mama Ndanu, utajiletea mapepo!" jirani yake Peris alimwonya.

"Na yaje. Wewe wako wamelala ndani, mdomo unao wa nini?"

Juzi magharibi, nyuma ya jiko, kitu kikaita.

"Mwaitu..."

"Naam, baba! Naam! Ingia, mlango uko wazi!"

Nyayo zikaingia. Nzito, za majimaji. Zikampita pale kwenye kigoda bila kusimama, zikaelekea chumbani. Kitanda kikalia.

Kathini, ambaye hakudondosha chozi hata kaburini, alilia kama mtoto. "Umechoka, mwanangu? Nisamehe. Nilikusikia. Nilikusikia siku ile."



Kisha huko nje, kutoka upande wa kaburi, sauti ikaja, nyembamba kama uzi.

"Mwaitu... umemkaribisha nani?"