Nafasi Nyeupe Kwenye Kibao

Nilikuwa nabandua karatasi ya saba kwenye kibao cha mti cha kuchapia picha, vidole vyeusi kwa wino, jirani yangu Rosina alipoingia bila kubisha. Alisema askari wa Prussia wameingia mjini kwetu Dresden kuwazima waasi, na Fiedler mwoka mikate amepigwa risasi kwenye kizuizi cha mawe.

"Ottilie wako si yuko hukohuko?"

Alikuwa huko. Binti yangu alitoka asubuhi kuwapelekea waasi mikate. Nilimkataza. Ana miaka kumi na tisa, hakatazwi. Baba yake, Traugott, alikuwa ameenda kumtafuta.

Rosina alipoondoka nikaitazama karatasi.

Picha ilikuwa ya Mauti. Mifupa mitupu, kofia ya wanamapinduzi kichwani, amesimama juu ya kizuizi na bendera, watu wanne wakimfuata. Aliyeiagiza ni bwana mmoja mwembamba ambaye hakuvua glavu. Alitaka jambo moja tu: sura ziwe za watu walio hai. Mume wangu akachonga kibaoni za watu wa mtaani, kama wachongaji wote wafanyavyo. Fiedler, na mshona viatu, na mwalimu. Na Ottilie, kwa kuwa alikuwa karibu.

Kwenye karatasi sita za kwanza wote wanne walisimama.

Kwenye hii, Fiedler alikuwa chini.

Nikapaka wino tena. Nikalaza karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko. Kriii... kriii... Wino ulinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Mshona viatu, chini.

Karatasi ya tisa. Mwalimu...

Mauti alikuwa amegeuza fuvu. Mkono wake ulikuwa begani kwa Ottilie.

Nilikuwa nimechoka hata kelele sikuweza kupiga. Nikachukua patasi ya Traugott. Palipochongwa hapashiki wino, na mti ukishatoka haurudi. Kila mke wa mchongaji analijua hilo. Nikamkwangua mwanangu mzima kibaoni, uso, mikono, kikapu. Kisha nikachapa karatasi ya kumi.

Mauti alikuwa ameshika nafasi nyeupe.

Mlango ukalia. Ottilie akaingia, nywele zote vumbi, bila jeraha.

"Walinipita, mama," akanong'ona. "Wenzangu wote wamepigwa. Mimi hawakuniona."

Nikamwambia anawe mikono.

Supu ya viazi ilipoiva, mama mkwe akashuka kutoka chumbani kwake, akaketi. Nikapakua bakuli nne. Akaniuliza ya nne ni ya nani. Nikaiweka mbele ya Ottilie.

Traugott akarudi, akajitupa kitini, viatu vimejaa matope.

"Sijampata," akasema.

Ottilie alikuwa ameketi mbele yake, kijiko mkononi. Alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi.

Nikahesabu kama kila jioni. Mama mkwe, mume, binti, mimi.

"Yupo," nikasema. "Kuleni, inapoa."