Hodi ya Mjomba Zephania

Jiko la umeme lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, lakini nyumba ilinuka moshi wa kuni. Kuni, hapa Akalla, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya saba! Michelle alifungua dirisha. Baridi iliingia, moshi haukutoka.

"Mama, umechoma nini?"

"Nichome nini? Wewe tafuta."

Digrii mbili, kazi hakuna. Sasa amekuwa mpelelezi wa maiti, tena bure. Mama yake, Benedicta, alitaka kaburi la kaka yake Zephania, aliyekuja Stockholm kusoma kisha akanyamaza. Kwao Voi walisema ameoa Mzungu, katusahau. Nyanya alikufa akimlaani. Benedicta alitaka konzi moja tu ya udongo wa kaburi, akauzike nyumbani.

Jina lilitokea kwenye rekodi za mazishi alasiri, giza la majira ya baridi likiwa tayari dirishani.

"Mamma, han är här, yumo humu. Alikufa mwaka uleule barua zilipokatika. Hakuwasahau."

Benedicta alikaa chini taratibu. "Kaburi liko wapi?"

"Hakuna. Ndugu hawakupatikana, Waswidi wakamchoma. Majivu yakaenda minneslund."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Bustani. Majivu ya watu wengi hufukiwa humo, familia haipo, alama hakuna. Mahali hasa hajui mtu. Ingen."

"Kaka yangu, kama takataka?"

"Kwao ni heshima, mamma."

"Basi wabaki nayo."

Mlango ukabishwa.

"Hodi." Sauti ya kijana.

"Vem är det?" Michelle aliuliza ni nani.

"Hodi," sauti ikarudia, safari hii ndani, kwenye korido, na mlango wa nje haukuwa umefunguliwa.

"Hajui Kiswidi," Benedicta alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Aliandika kwamba lugha hii inamshinda."

Moshi ukazidi, taa ikafifia, na chini ya mlango wa sebule majivu yakaanza kupenya, mepesi, ya kijivu, yakitambaa juu ya zulia kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kitanda chake, huku ile sauti ikirudia hodi, hodi, kwa adabu ileile ya mtoto aliyefundishwa asiingie kwa watu kabla hajakaribishwa.

"Usimjibu! Akiingia hatatoka."

"Atoke aende wapi, Michelle?" Benedicta alifuta uso kwa kanga. "Karibu, kaka. Karibu nyumbani."

Siku hizi mezani huwekwa sahani tatu. Kila asubuhi Benedicta hufagia majivu kwenye kiti cha tatu na kuyatia ndani ya kopo la sukari. Kopo likijaa, atasafiri nalo.

Jana kopo lilikaribia kujaa. Alikuwa akilikumbatia, akilisimulia habari za Voi, mlango ulipobishwa tena. Sauti ya bibi kizee, Mswidi, akiomba kwa upole aingie, kwamba nje ni baridi, kwamba sehemu ya majivu yake imo humo koponi.

Nyuma yake, koridoni, wengine walikuwa wakikohoa.